Anne Eisner wa Epulu: mchoraji aliyekuta wachoraji wengine porini

Mtu akitoka Bunia kwa njia ya Komanda, kisha akashika barabara ya taifa nambari 4 kuelekea Kisangani, atapita Mambasa na mbele yake atavuka mto Epulu. Wengi wetu tunajua jina hilo juu ya okapi. Wengine wanalikumbuka juu ya shambulio la Juni 2012, wakati waasi walipoingia kwenye kituo, wakaua watu na okapi 14. Lakini kabla ya okapi kuipa Epulu sifa, pale kando ya mto palikuwa na kambi ya Mmarekani mmoja, na katika kambi hiyo aliishi mwanamke mchoraji. Wafanyakazi walimwita Madami. Jina lake la kweli ni Anne Eisner.

Maisha yake yanaleta swali ambalo hata leo katika Ituri halijapata jibu moja: ni kitu gani kinaitwa sanaa, na nani anapewa jina la msanii?

Kutoka Newark mpaka Ituri

Anne Eisner alizaliwa mwaka 1911 huko Newark, karibu na New York, katika familia ya Wayahudi. Alisoma kuchora katika masomo ya sanaa ya New York, na wakati wa miaka ya 1930 alikuwa tayari mchoraji wa kazi. Ilikuwa miaka mibaya. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu walikosa kazi, na mchoraji alikuwa kati ya watu wa mwisho kulipwa. Hata vile Anne hakuacha. Alichora watu, bahari na miji, akaonyesha kazi zake pamoja na wachoraji wengine wa rika lake.

Katika dunia hiyo, sanaa ilikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika lakini kila mtu alizijua. Picha inachorwa juu ya turubai ao karatasi. Mwenye kuichora anaweka sahihi chini kwenye pembe. Inapewa kichwa, inawekwa ndani ya fremu, inatundikwa ukutani, watu wanakuja kuitazama bila kuigusa. Kisha anakuja mwenye pesa, anainunua. Anne alilelewa ndani ya sheria hizo.

Mwaka 1945 alikutana na Patrick Putnam. Huyu alikuwa mtoto wa familia kubwa ya Marekani, alisoma katika chuo kikuu cha Harvard, na alifika Kongo mara ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1920. Badala ya kurudi kwao na kuandika kitabu kama wenzake, alibaki. Alifanya kazi na Msalaba Mwekundu wa Wabelgiji, kisha miaka ya 1930 akajenga kambi kando ya mto Epulu. Ndani yake kulikuwa na dispanseri ya kutunza wagonjwa, hoteli ndogo ya wasafiri, na wanyama wa pori ambao wageni walikuja kuwaangalia. Jirani zake walikuwa Babila wenye mashamba na Bambuti wenye pori.

Anne alimfuata. Mwaka 1946 walianza safari ya Afrika, na mwaka 1948 wakaoana. Alikuwa amepita miaka 35. Aliacha mji ambao wakati ule ulikuwa unaanza kuchukua nafasi ya Paris kama mji mkuu wa uchoraji wa dunia, akaja kukaa ndani ya nyumba ya udongo yenye paa la majani, katikati ya pori la Ituri.

Kazi ya kambi na kazi ya brashi

Mtu asifikiri kwamba alikuja kupumzika. Hoteli ilikuwa na wageni wenye kutaka chakula na vitanda visafi. Kulikuwa na mahesabu, kulikuwa na wagonjwa mbele ya dispanseri, kulikuwa na wafanyakazi wa kulipwa na chakula cha kutafuta. Pesa hazikutosha kamwe. Tena tusisahau kwamba ile ilikuwa koloni ya Wabelgiji. Kambi yote ilisimama juu ya mikono ya Waafrika waliopika, waliojenga, waliobeba maji. Madami aliweza kukaa na brashi yake saa moja ao mbili kwa sababu mtu mwingine alikuwa anachota na kupasua kuni.

Lakini alichora. Karatasi inaharibika haraka kwenye unyevu wa pori, na rangi zinatoka mbali, hata vile hakukubali kuweka brashi chini. Alichora Bambuti wakiwa kambini mwao, wamama wakiwa wameketi karibu na moto, watoto, nyumba za majani ya duara, mwangaza wa jua unaopita kati ya miti mirefu.

Hakubaki kando ya barabara tu. Alikwenda na Bambuti ndani ya pori, kwenye kambi zao za kuwinda. Aliona jinsi wanaume wanavyopanga nyavu kama ukuta mrefu, na wamama na watoto wanavyopiga kelele kutoka upande mwingine ili kumsukuma mboloko aingie ndani. Aliona kwamba mtoto mchanga akifiwa na mama yake, hatupwi, wamama wengine wanamchukua, na yeye pia akaingia kati ya hao wamama. Aliandika hadithi nyingi za Bambuti jinsi alivyozisikia. Maandiko hayo yalisaidia baadaye watafiti, kati yao Mwingereza Colin Turnbull, ambaye alifika Epulu mara ya kwanza mwaka 1951 na mwaka 1961 akatoa kitabu kilichofanya Bambuti wa Ituri wajulikane dunia nzima.

Ni katika kambi hizo ndipo Anne alikuta wachoraji wengine.

Murumba

Katika Ituri nguo ya ganda la mti inaitwa murumba, wengine wanasema pongo. Kazi yake inaanza kwa wanaume. Wanachagua mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, wanatoa ganda la ndani, wanalilowesha na kulipiga kwa nyundo ya mbao ao ya pembe ya tembo mpaka linapanuka na kuwa laini kama kitambaa. Hapo kazi ya mwanaume inaisha.

Kinachofuata ni cha wamama. Mama anakaa chini, anaweka kitambaa juu ya mapaja, na anaanza kuchora kwa kijiti chembamba ao kwa kidole. Rangi nyeusi inatoka kwenye maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Rangi nyekundu inatoka kwenye mti wa nkula. Hakuna mfano wa kuiga, hakuna mstari uliopimwa kwanza. Mama anapiga mistari, inapishana, inakatika, inageuka. Hapa anaweka matone kama madoadoa ya chui, kule alama kama kipepeo ao njia ya siafu. Halafu anaacha mahali patupu, kisha anaanza upya upande mwingine na mchoro tofauti kabisa. Mara nyingine wamama wawili wanafanya kazi juu ya kitambaa kimoja.

Macho yaliyozoea kikwembe cha kiwanda, chenye maua yanayojirudia sawasawa kutoka mwisho mpaka mwisho, yanaweza kudhani kwamba mama amekosea ao amechoka. Hapana. Mtaalamu Mmarekani Robert Farris Thompson, aliyechunguza murumba kwa miaka mingi, alilinganisha michoro hiyo na nyimbo za Bambuti: sauti moja inaanza, nyingine inaingia juu yake, na kimya pia ni sehemu ya wimbo. Mahali patupu katika murumba ni kama ule ukimya. Mama ameuacha kwa kupenda.

Na nguo hiyo haikufanywa kwa kutundikwa. Ilivaliwa kwenye ngoma, kwenye ndoa, kwenye elima, yaani sherehe ya wasichana waliofikia utu uzima. Mtoto mchanga alifungwa ndani yake. Ilitoka jasho pamoja na mwenye kuivaa, ilinyeshewa, ilichakaa, ikaisha. Mama aliyeichora alijua kwamba itaisha. Hakulipwa, hakuweka sahihi, hakungoja mtu aje kumsifu miaka 50 baadaye. Hata vile alichukua siku zake kuchora kila mstari kwa uangalifu.

Kwa mtu aliyetoka New York, jambo hilo lilikuwa zito. Ikiwa sanaa ni sahihi, fremu na bei, basi wamama wa Bambuti hawakuwa wasanii. Lakini ikiwa sanaa ni moyo unaokataa kuacha kitambaa kibaki kitupu, basi walikuwa wasanii kuliko wengi wenye diploma.

Mistari ya New York na mistari ya Ituri

Mwaka 1947, karibu na New York, mchoraji Jackson Pollock alianza kutandika turubai chini na kumwagia rangi kutoka juu, mistari juu ya mistari, bila sura ya mtu wala nyumba. Magazeti yalibishana. Wengine walisema ni uchafu, wengine walisema ni mwanzo mpya wa uchoraji wa dunia. Mwishowe waliosifu walishinda, na leo kazi za Pollock zinauzwa kwa mamilioni ya dola.

Katika miaka ileile, wamama wa Epulu walikuwa wanapiga mistari isiyo na sura ya mtu wala nyumba, kama mama zao walivyofanya mbele yao. Hakuna gazeti lililobishana. Kwa viongozi wa koloni na watalii wengi waliopita hotelini, ile ilikuwa kazi ya mikono ya watu wa pori, kitu cha ukumbusho cha kubeba nyumbani pamoja na mshale na kikapu.

Anne alikuwa mmoja kati ya watu wachache sana waliosimama katikati ya dunia hizo mbili. Alikusanya murumba, akaona thamani yake kwa jicho la mchoraji. Sehemu ya vitu alivyokusanya iko leo New York. Lakini angalia ni wapi. Haikuingia kwenye jumba la sanaa ya kisasa ambako wanatundika kazi za Pollock. Iliingia American Museum of Natural History, jumba la elimu ya viumbe, lenye mifupa ya wanyama wa kale na tembo waliokaushwa. Wakati ule, kwa watu wenye kupanga vitu hivyo, mstari wa Mmarekani ulikuwa sanaa, na mstari wa mama Mbuti ulikuwa habari juu ya maisha ya kabila.

Kifo cha Patrick na kitabu cha Madami

Miaka ya mwisho ya ndoa ilikuwa migumu. Patrick aliugua mapafu, akawa hawezi kutembea vizuri, na ugonjwa ulimbadilisha. Mtu aliyependwa na wengi akawa mkali kwa mke wake na kwa wafanyakazi wake. Anne alibaki akimtunza mpaka alipokufa huko Epulu, mwezi wa 12 mwaka 1953. Kambi haikuweza kuendelea bila yeye. Anne alirudi Marekani.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chenye jina Madami, alichokiandika pamoja na mwandishi wa habari Allan Keller. Kilieleza miaka yake minane na Bambuti, na kwenye kichwa chake kiliwaita kwa jina la Kizungu ambalo wengi leo wanalikataa kwa sababu lina dharau. Kitabu hicho kilimuonyesha zaidi kama mwanamke jasiri aliyeishi kati ya nyoka na chui. Ndivyo wasomaji wa Marekani wa wakati ule walivyotaka. Mchoraji alibaki nyuma ya hadithi.

Lakini Ituri haikumtoka moyoni. Mwaka 1957 alikuwa tena Epulu, na alikaa mpaka 1958. Safari hiyo hakuja kwa ajili ya mume wala hoteli. Alikuja kwa ajili ya kazi yake mwenyewe, kutazama, kuandika na kuchora.

Aliporudi New York kwa mara ya mwisho, aliendelea kuchora pori la Ituri akiwa mbali nalo. Na hapo kazi yake ilikuwa imegeuka. Picha zake za zamani zilionyesha watu na mahali jinsi jicho linavyoviona. Katika hizi za mwisho, miti, watu na nyumba vinaanza kuwa mistari na vipande vya rangi. Kivuli kinapungua, mahali patupu panapata nguvu. Ni vigumu kuzitazama bila kukumbuka murumba. Aliyesomea kuchora katika masomo makubwa alikuwa amepata walimu wengine, wamama walioketi chini na kitambaa juu ya mapaja.

Alikufa mwaka 1967. Hakupata jina kubwa kati ya wachoraji wa Marekani. Alikuwa mbali na New York katika miaka ambayo majina yalikuwa yanatengenezwa pale, tena alikuwa mwanamke wakati ambapo wanaume ndio waliochukua nafasi yote. Maandiko yake na ya Patrick yamehifadhiwa katika maktaba ya Houghton ya chuo kikuu cha Harvard. Mwaka 2005, mtoto wa ndugu yake, Christie McDonald, ambaye ni profesa, alitoa kitabu kikubwa juu ya picha zake za Kongo, na tangu hapo watu wameanza kumwangalia tena kama msanii.

Jina ambalo halimo

Murumba nayo imetoka mbali. Mwaka 1983 ilionyeshwa huko Munich, Ujerumani, kama uchoraji. Tangu hapo vitabu vizima vimeandikwa, na wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani wanauza vipande vya zamani kwa dola nyingi. Vile vitambaa vilivyoitwa kazi ya mikono sasa vinawekwa ndani ya fremu, vinatundikwa ukutani, watu wanakuja kuvitazama bila kuvigusa. Sheria za sanaa ambazo Anne alilelewa nazo zimevikubali, isipokuwa sheria moja. Kando ya kitambaa mara nyingi mtu anasoma Mbuti, Ituri, Kongo, karne ya 20. Mara nyingine kuna jina la mzungu aliyekikusanya. Jina la mama aliyechora halimo.

Si kwamba mama hakuwa na jina. Kambi yote ilijua ni nani alichora kitambaa gani, kama sisi mjini tunavyojua ni nani alishona nguo ya arusi ya jirani. Ila aliyekinunua hakuuliza. Na sasa ni kuchelewa, kwa vitambaa vingi vya wakati wa Anne.

Kwa vitambaa vya leo bado hatujachelewa. Katika teritware ya Mambasa maisha ya Bambuti yamebanwa. Pori linakatwa, machimbo ya zahabu yanaongezeka, vita na mauaji vimewasukuma wengi mpaka kando ya barabara, mahali ambapo miti ya kutoa ganda haiko karibu. Kikwembe cha sokoni kimechukua nafasi ya murumba kwenye ngoma. Mara nyingi inayochorwa sasa ni ya kuuza. Wengine wanasema kwamba kwa sababu hiyo si sanaa tena. Lakini Anne Eisner pia aliuza picha zake, na hakuna aliyemwambia kwamba amekoma kuwa mchoraji.

Basi mtu akipita Epulu ao Mambasa na akanunua murumba, kuna kazi ndogo ambayo haigharimu hata franka moja: kumuuliza mama jina lake, na kuliandika nyuma ya kitambaa.